Daktari wa meno aangalie kinywa chote, asiishie kwenye jino linalouma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaostahili katika jiji letu la Dar es Salaam, nalo ni wajibu wa madaktari wa meno katika kuigundua mapema saratani ya kinywa. Nimefanya kazi ya utabibu wa kinywa na meno katika vituo vya afya vya umma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu hadi nilipostaafu, na hoja yangu ni moja tu: kila mtu mzima anayekaa kwenye kiti cha daktari wa meno, hata kama amekuja kung'oa jino moja na kwenda zake, achunguzwe kinywa chote pamoja na shingo, na yaliyoonekana yaandikwe.

Namtaja daktari wa meno, wala si daktari wa saratani, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hajui kwamba anaumwa saratani na kwa hiyo hana sababu ya kwenda Ocean Road, hospitali yetu ya saratani. Akiona kidonda kinywani anakwenda kwanza duka la dawa, ananunua dawa ya kusukutua au antibayotiki, anasubiri. Kikiwa hakiumi anakisahau. Kikiwa karibu na jino analituhumu jino, na siku jino hilo litakapoanza kulegea ndipo atakapokwenda kuling'oa. Siku hiyo, aghalabu kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, mtaalamu mwenye taa na kioo anakitazama kinywa chake. Siku hiyo ikipita bila kidonda kuonekana, nafasi nyingine huja ugonjwa ukiwa umeshafika mbali.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani na lina makao yake mjini Lyon, Ufaransa, lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu wapatao 390,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya midomo na kinywa, na zaidi ya 188,000 walifariki kutokana nayo. Hiyo ni karibu kifo kimoja kwa kila wagonjwa wapya wawili, na ni uwiano wa kusikitisha kwa ugonjwa unaoota mahali panapoonekana kwa macho mtu anapofungua mdomo tu, pasipohitaji mashine wala kumpasua mtu ili kupaona. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba wagonjwa waliogundulika saratani ikiwa bado pale ilipoanzia, zaidi ya 8 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5, ilhali kwa wale ambao imeshasambaa sehemu za mbali mwilini ni takriban 4 kati ya 10. Huko mashine za mionzi ziko karibu na watu. Sisi kwa miaka mingi tulikuwa na Ocean Road peke yake kwa nchi nzima, hadi Bugando ya Mwanza ilipoanza kutoa huduma hiyo, na kwa hiyo kuchelewa hapa kwetu kuna gharama kubwa zaidi.

Takriban 9 kati ya kila saratani 10 za kinywa huanzia kwenye utando laini unaofunika ulimi, fizi, sakafu ya kinywa na mashavu kwa ndani. Mara nyingi hutanguliwa na dalili ambazo mtu aliyefundishwa huzitambua: baka jeupe ambalo ukilifuta kwa shashi halitoki, tofauti na utando wa fangasi ambao hufutika, au baka jekundu linalong'aa kama makhmali, ambalo ni adimu zaidi na la kuogopwa zaidi, au kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka. Kanuni tuliyofundishwa, na ambayo ningependa kila msomaji wako aishike, ni kwamba kidonda cha kinywa ambacho hakijapona kwa muda wa wiki 2 baada ya kuondolewa kile kinachodhaniwa kukisababisha, iwe jino lililovunjika lenye ncha kali au meno bandia yanayokwaruza, kisiendelee kupewa dawa za kubahatisha. Kikatwe kinyama kidogo na kipelekwe maabara. Kutouma si dalili njema hata kidogo, maana saratani ya kinywa katika siku zake za mwanzo kwa kawaida haiumi, na hilo ndilo linalowaponza wengi.

Uchunguzi ninaoudai hauchukui hata dakika 5. Daktari anaanza nje kwa kuutazama uso na midomo, kisha anapapasa chini ya taya na pande zote mbili za shingo akitafuta tezi iliyovimba, hasa iliyo ngumu na isiyouma. Mwenye meno bandia anayavua. Mashavu yanavutwa kwa kioo ili ndani yake paonekane hadi kwenye pembe ya nyuma ya magego. Halafu mgonjwa anaambiwa atoe ulimi, na daktari anaushika ncha kwa shashi kavu, anauvuta taratibu upande wa kulia na kisha wa kushoto ili aone kingo zake hadi nyuma kabisa, kwa kuwa hapo, kwenye ukingo wa ulimi upande wa nyuma, ndipo saratani hujificha mara nyingi na ndipo mgonjwa mwenyewe hawezi kupaona hata akijitazama kwenye kioo. Baada ya hapo mgonjwa anainua ulimi hadi ncha iguse kaakaa, sakafu ya kinywa inaangaliwa, na inapapaswa kwa kidole kimoja kikiwa ndani na mkono wa pili ukiwa chini ya kidevu, kwa sababu uvimbe mgumu huweza kuhisiwa kabla haujaonekana. Mwisho ni kaakaa na koo, mgonjwa akisema "aaa". Vifaa vyote hivyo, yaani glavu, kioo, shashi na taa, vipo tayari katika kila chumba kinachong'oa meno, na mgonjwa ameshalipia ada ya kumwona daktari.

Basi kwa nini haufanyiki? Najibu kwa uzoefu wangu, bila kumlaumu mwenzangu yeyote kwa jina. Foleni ya asubuhi katika kituo cha afya ni ndefu, wagonjwa wengi wamekesha kwa maumivu, kila mmoja anaingia huku amekwishaelekeza kidole kwenye jino lake, na mtaalamu anayepimwa kwa idadi ya waliohudumiwa anajikuta akikifuata kile kile kidole cha mgonjwa. Kazi inageuka kuwa ya jino badala ya kuwa ya kinywa. Wala hali hiyo haimo katika vituo vya serikali pekee. Nimeona karatasi za rufaa kutoka kliniki za binafsi zenye viti vya kisasa ambazo zimeandika namba ya jino na jina la dawa, basi.

Namkumbuka mama mmoja wa makamo, mkaanga samaki wa huku Mbagala, ambaye alifika kwangu akilalamika kwamba kidonda cha jino lililong'olewa kinakataa kuziba. Mahali pengine alikuwa ameng'olewa gego la chini kwa kuwa lilikuwa linalegea, kisha akang'olewa na la pembeni yake kwa sababu hiyo hiyo, na kati ya safari hizo akapewa antibayotiki zaidi ya mara moja. Meno yale alikuwa ameyahifadhi, na akanifungulia kitambaa niyaone: yalikuwa mazima, hayana tundu wala ugaga wa kuweza kuyalegeza. Jino zima la mtu mzima halilegei bila sababu, na fizi zake kwingineko zilikuwa imara. Pale lilipokuwa jino palikuwa pameota nyama inayotoka damu kwa kuguswa kidogo tu, na chini ya taya palikuwa na tezi ngumu isiyochezacheza. Nilipomuuliza kama anatumia ugoro, alishangaa kuulizwa swali hilo na mtu wa meno, akaniambia ameutumia tangu akiwa msichana, na mahali anapouweka ni hapo hapo. Alipelekwa Muhimbili, akaondolewa sehemu ya taya, akapigwa mionzi Ocean Road, na baadaye akafariki. Saratani ya kinywa ikishaingia kwenye tezi za shingo, uwezekano wa mgonjwa kupona hupungua kwa takriban nusu, na yeye alikuwa amekwishafikia hapo kabla hajaambiwa neno saratani.

Swali lile la ugoro linastahili kuulizwa kwa kila mtu mzima, na liulizwe kwa heshima. Ukimuuliza mtu kama anavuta sigara atakujibu hapana kwa moyo mweupe, huku ana ugoro chini ya mdomo, au anatafuna tumbaku ya vipakiti, au amemaliza tambuu muda si mrefu. Kila kimoja kiulizwe peke yake, na pombe pia, kwa kuwa tumbaku na pombe zikikutana katika kinywa kimoja hatari yake ni kubwa kuliko kila moja ikiwa peke yake. Kuhusu tambuu najua naingia mahali panapohitaji adabu. Kwa watu wa pwani tambuu ni ukarimu, ni mapambo ya harusi, ni kitu ambacho bibi zetu walimpa mgeni kabla ya chakula, na hapa mjini maeneo ya Kariakoo na Kisutu ni biashara halali ya watu wenye familia. Hata hivyo ukweli usemwe: mwaka 2004 shirika lile la Lyon lilitangaza kwamba tambuu husababisha saratani kwa binadamu hata isipotiwa tumbaku, na kwamba popoo yenyewe, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, ni kisababishi. Popoo ina kemikali inayofanya nyama ya ndani ya shavu kuwa ngumu na yenye nyuzi, na chokaa inayochanganywa nayo huuchubua utando na kuipenyeza sumu hiyo ndani. Mlaji wa tambuu ambaye zamani aliweza kuingiza vidole vyake vitatu vilivyopangwa kwa wima kati ya meno ya juu na ya chini, na sasa haviingii, aende akachunguzwe wiki hii hii. Ugumu huo hautokani na uzee, na unaweza kuwa hatua moja kabla ya saratani.

Wapo watakaosema kwamba kuangalia kwa macho ni kazi duni na kwamba tusubiri vipimo vya kisasa. Nawakumbusha utafiti uliofanyika katika jimbo la Kerala, India, wilaya ya Trivandrum, kuanzia mwaka 1996. Maeneo 13 yaligawanywa kwa bahati nasibu. Katika baadhi yake wakazi wazima walichunguzwa vinywa vyao kwa macho na kwa mwanga, na katika mengine waliachwa na huduma za kawaida. Waliochunguza hawakuwa madaktari, bali wahitimu wa vyuo ambao walipewa mafunzo maalumu kwa kazi hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa, miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa takriban theluthi moja. Kwa wasiotumia vitu hivyo faida haikujitokeza wazi, na hilo linatuelekeza pa kuweka nguvu: aliyekwishakaa kwenye kiti achunguzwe bila kubagua, lakini tukitoka kwenda kuwatafuta watu, tuwafuate watumiaji wa tumbaku, tambuu na pombe. Ikiwa mhitimu wa fani nyingine aliweza kufundishwa akaokoa maisha kwa tochi, sioni kisingizio cha mtaalamu wa kinywa aliyesomea kazi hiyo kwa miaka.

Kugundua peke yake hakutoshi kama rufaa itapotea njiani, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mgonjwa wa Chamazi au Kigamboni anapewa karatasi na kuambiwa aende Muhimbili. Anafikiria nauli, foleni, siku ya kazi atakayoipoteza, na juu ya yote anamfikiria jirani aliyewahi kumwambia kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Karatasi inawekwa chini ya godoro. Hakuna anayempigia simu kumuuliza alifika au hakufika, wala aliyempa rufaa hapati jibu la maabara, kwa hiyo naye hajifunzi kama alichokishuku kilikuwa kweli. Nasema kwa msisitizo kwamba kukata kinyama kwa ajili ya maabara hakuisambazi saratani ya kinywa. Wanaodhani hivyo wamewaona wagonjwa waliokatwa wakiwa wamekwishachelewa, wakafariki, na kisu kikabeba lawama ya miezi iliyopotea kabla yake.

Dawa ya tatizo hilo naiona katika mambo mawili ambayo hayahitaji bajeti ya kutisha. La kwanza ni kwamba kinyama kikatwe karibu na mgonjwa anapoishi, katika hospitali za rufaa za mkoa kama Temeke, Amana na Mwananyamala, kisha kisafirishwe kwenye chupa ya formalini hadi maabara ya patholojia, kwa maana kinyama husafiri kwa urahisi kuliko mtu mgonjwa, na majibu yarudi kwa daktari aliyekikata. La pili ni namba ya simu. Kila aliyepewa rufaa kwa kushukiwa saratani aandikwe kwenye daftari pamoja na namba yake na ya ndugu mmoja, na apigiwe baada ya wiki moja. Nimewahi kuifanya kazi hiyo ya kupiga simu kwa vocha yangu, na ninajua kwamba mtu akisikia sauti ya aliyemtazama kinywa ikimuuliza "mama, ulifika?" huona haya kubaki nyumbani.

Kuna makundi mawili ambayo nisingependa barua hii iyapite. Ndugu zetu wenye ualbino hupata saratani ya mdomo wa chini kwa sababu ya jua, na inaanza kama ukoko au mpasuko mdogo usiopona ambao wengi hudhani ni ukavu wa midomo. Daktari wa meno anapomvuta mtu mdomo ili aone jino, ukoko huo uko mbele ya macho yake kabisa. Kundi la pili ni watoto. Mtoto mwenye taya linalovimba kwa kasi huku meno yake yakilegea anaweza kuwa na limfoma ya Burkitt, saratani inayohusishwa na nchi zenye malaria nyingi kama yetu, ambayo hukua kwa siku na wiki badala ya miezi, lakini ikiwahiwa huitikia vizuri sana dawa. Mtoto huyo asing'olewe meno na kupewa antibayotiki kwa kudhaniwa ana jipu. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Naiomba basi Wizara ya Afya, kupitia wasimamizi wa huduma za kinywa na meno, iongeze katika rejesta ya MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za huduma za afya, sehemu ya kujaza kwamba kinywa chote na shingo vimechunguzwa, na sehemu ya pili ya kujaza kama kuna kilichoshukiwa na rufaa imefanywa wapi. Kitu kisichoandikwa kwenye rejesta hakiulizwi na msimamizi anapokuja kukagua, na kisichoulizwa huachwa foleni inapokuwa ndefu. Wamiliki wa kliniki binafsi nao wanaweza kuanza kesho, bila kusubiri waraka wa mtu. Wenzangu matabibu walioko vituoni nawaomba wasidhani kwamba jambo hili ni la madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na uso peke yao, kwani bingwa humpata yule tu tuliyemwona sisi kwanza. Na wewe msomaji unayekwenda kuziba au kung'oa jino, mwombe daktari, kwa adabu tu, "naomba uniangalie na ulimi, na chini ya ulimi," kisha mwambie ukweli kuhusu unachotafuna.

Kila tarehe 20 Machi huadhimishwa Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, na mazoea yetu ni kwenda shule za msingi kuwafundisha watoto kupiga mswaki. Kazi hiyo ni njema na iendelee. Napendekeza kwamba mwaka ujao timu moja itengwe, iende alfajiri soko la samaki la Feri, na nyingine Kariakoo, na nyingine Mbagala Rangi Tatu, ikiwa na viti vya plastiki, tochi, glavu, shashi na daftari la namba za simu, iwatazame vinywa wabeba mizigo, wavuvi, mama lishe na wauza tambuu wenyewe. Mimi nimestaafu lakini macho yangu bado yanaona, na chama cha madaktari wa meno au manispaa yoyote ikinihitaji kwa kazi hiyo, nitakwenda kwa hiari yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Tabibu mstaafu wa kinywa na meno,
Mbagala, Dar es Salaam